Raia wa Nani? Katiba ya Marekani na Historia ya Neno Moja

Mnamo mwaka 2010 wataalamu wa Maktaba ya Kongresi ya Marekani walitangaza jambo walilolibaini kwa kuimulika kwa mwanga maalumu rasimu ya Azimio la Uhuru, ile aliyoiandika Thomas Jefferson mwaka 1776. Mahali pamoja Jefferson alikuwa ameandika neno la Kiingereza lenye maana ya watu walio chini ya mfalme. Kisha, wino ukiwa bado mbichi, akalifuta, na juu ya doa lile akaandika neno jingine, lenye maana ya watu walio na sehemu yao katika dola. Kwa mfasiri wa Kiswahili ufutaji huo ni mtihani mgumu, kwani neno lililofutwa na neno lililoandikwa juu yake aghalabu hufasiriwa kwa neno lilelile moja: raia.

Hili halitokani na umaskini wa msamiati. Neno raia limetoka katika Kiarabu, ambako asili yake ni kundi linalochungwa, na kutokana na hilo, watu walio chini ya ulinzi na amri ya mtawala. Katika matumizi ya zamani ya pwani, raia alikuwa mtu wa sultani fulani. Leo ni mtu mwenye pasipoti na kadi ya kura. Vilevile ni mtu yeyote asiye askari. Kiswahili kimeyabeba maana hayo yote pamoja bila kufuta lolote. Wamarekani walifuta, lakini mfutaji mwenyewe aliwamiliki watumwa zaidi ya 600 katika maisha yake.

Katiba iliyotiwa saini mjini Philadelphia tarehe 17 Septemba 1787 ilijengwa juu ya kanuni kwamba dola haina mamlaka ila yale iliyokabidhiwa na watu. Kongresi, yenye Seneti na Baraza la Wawakilishi, hutunga sheria, Rais huzitekeleza, mahakama huamua mashauri. Kila mhimili umewekewa kizuizi na mwenziwe. Rais aweza kuukataa muswada, na Kongresi yaweza kumshinda kwa theluthi mbili za kila baraza. Tangu kesi ya Marbury dhidi ya Madison, mwaka 1803, mahakama huitangaza batili sheria inayokwenda kinyume na Katiba, ingawa Katiba yenyewe haisemi hivyo waziwazi. Haya yamo katika kila kitabu cha somo la uraia na hayahitaji kukawiwa.

Kinachostahili kukawiwa ni kimya cha waraka ule. Katiba inawataja raia mara kadhaa, na inamtaka Rais awe raia wa kuzaliwa, lakini katika maandishi ya 1787 haielezi raia ni nani. Wala neno mtumwa halimo. Watumwa wenyewe walikuwamo, wametajwa kwa kuzungukwa. Katika kugawa viti vya Baraza la Wawakilishi, kila mmoja wao alihesabiwa kuwa sehemu tatu kwa tano za mtu, na hivyo majimbo ya kusini yakajipatia viti zaidi kwa hesabu ya watu yaliyowanyima kura.

Pwani ya Afrika Mashariki ililigusa jambo hili kwa mikono bila kulijua. Amerikani, ile nguo ya pamba iliyoletwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Salem, ilifumwa katika viwanda vya New England kwa pamba iliyolimwa na kuchumwa na watumwa wa kusini. Mkataba wa biashara baina ya Sayyid Said na Marekani ulitiwa saini Muscat tarehe 21 Septemba 1833.

Mwaka huohuo Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua shauri lisilosimuliwa sana, nalo lafaa kusimuliwa. John Barron alikuwa na gati katika bandari ya Baltimore. Jiji lilipotengeneza barabara, lilivigeuza vijito vya maji. Mchanga ukamiminika mbele ya gati lake, kina kikapungua, meli zikashindwa kutia nanga. Barron akadai fidia. Alitegemea Marekebisho ya 5, mojawapo ya yale marekebisho 10 ya kwanza yaliyoidhinishwa mwaka 1791, ambayo hulinda uhuru wa dini, wa kusema na wa magazeti, haki ya kuhukumiwa na baraza la wazee wa mahakama, na kinga dhidi ya upekuzi usio na sababu. Marekebisho ya 5 yanakataza mali ya mtu kutwaliwa kwa matumizi ya umma pasipo fidia ya haki. Jaji Mkuu John Marshall alijibu kwamba makatazo hayo yaliifunga serikali kuu peke yake, wala hayakuyafunga majimbo na miji yake. Barron akarudi mikono mitupu. Ikiwa mwenye gati hakupata kinga, yasikitisha hata kuuliza ni nani angemkinga mtu aliyekuwa yeye mwenyewe mali ya mwingine.

Jibu lilitoka mwaka 1857. Dred Scott, mtumwa aliyepelekwa na bwana wake kuishi Illinois na katika himaya ya Wisconsin, ambako utumwa ulikatazwa, alidai kwamba makazi hayo yalimfanya huru. Jaji Mkuu Roger Taney aliamua kwamba mtu mweusi mwenye asili ya watumwa, awe angali mtumwa au awe huru, hawezi kuwa raia kwa maana ya Katiba, na hivyo hana mlango wa kuingilia mahakama ya serikali kuu. Kwa lugha ya asili ya neno raia, hata kundini hakuhesabiwa.

Ilihitajika vita iliyoua watu zaidi ya 600,000, kuanzia 1861 hadi 1865, ili kimya kile kivunjwe. Marekebisho ya 14, ya mwaka 1868, yalitamka kwamba kila aliyezaliwa Marekani na kuwa chini ya mamlaka yake ni raia wa Marekani na wa jimbo anamokaa, na yakayakataza majimbo kumnyima mtu ulinzi sawa wa sheria. Uraia ukafungwa na ardhi ya kuzaliwa. Mwaka 1898 Wong Kim Ark, aliyezaliwa San Francisco na wazazi Wachina, alishinda kesi yake kwa hoja hiyo. Wenyeji wa asili wa bara lile walisubiri, ajabu ya Mungu, hadi 1924. Na mwaka 2025, Rais Donald Trump alipotoa amri ya kuwanyima uraia baadhi ya watoto wanaozaliwa humo na wazazi wageni, majaji walilazimika kuyasoma upya maneno ya 1868.

Hata hivyo kuitwa raia hakukuwa kutendewa kiraia. Ubaguzi katika majimbo ya kusini ulibarikiwa na mahakama mwaka 1896, na shule za kibaguzi hazikutangazwa haramu hadi 1954, katika kesi ya Brown. Wakili aliyeiongoza, Thurgood Marshall, alifika London mwaka 1960 kwenye mkutano wa Lancaster House akiwa mshauri wa wajumbe Waafrika wa Kenya, kwa mwaliko wa Tom Mboya, akawaandikia rasimu ya haki za binadamu. Humo alikazia fidia kwa mali inayotwaliwa, ileile aliyoikosa Barron. Na nchini Kenya wakati huo kinga hiyo iliwafaa zaidi walowezi wa Nyanda za Juu.

Katiba ya uhuru ya Kenya ya Desemba 1963 ilikuwa na sura ya haki. Kuhusu uraia wa waliozaliwa kabla ya uhuru, lakini, haikuifuata njia ya 1868. Kuzaliwa Kenya hakukutosha. Ilipasa mmoja wa wazazi naye awe amezaliwa humo. Wengine waliozaliwa nchini, wengi wao wenye asili ya Bara Hindi, walipewa miaka miwili ya kuomba. Wong Kim Ark, lau angezaliwa Nairobi, angelazimika kujaza fomu.