Namba Iliyochelewa: Historia ya Herufi ৎ
Wabengali huiita khanda ta. Huandikwa ৎ, nayo ni sauti ya t isiyofuatwa na irabu. Imo katika maneno ambayo hakuna gazeti la Dhaka wala la Kolkata linaloweza kuyakwepa: utsob (উৎসব), yaani sikukuu, bidyut (বিদ্যুৎ), umeme, hothat (হঠাৎ), ghafla. Hata hivyo, Unicode, mfumo unaoipa kila herufi namba yake ndani ya kompyuta, ulipotoka mwaka 1991 ukiwa na jedwali la Kibengali, ৎ haikuwamo. Ilipewa namba, 09CE, mnamo Machi 2005 katika toleo la 4.1. Nashikilia kwamba uamuzi huo ulikuwa sahihi, na kwamba ulistahili kufanywa mapema zaidi.

Jedwali lile lilifuata mpangilio wa ISCII, kiwango cha India kilichoziweka hati nyingi za nchi hiyo katika utaratibu mmoja: ka ya Kidevanagari na ka ya Kibengali zilikaa nafasi ileile. Kwa kuwa ৎ haina mwenzake katika Kidevanagari, haikupata pa kukaa. Basi ikawa inaundwa kwa vipande vitatu: ta (09A4), kisha hasanta (09CD), alama inayoondoa irabu, kisha kiungo kisichoonekana (200D). Jicho liliona herufi moja, mashine ikahifadhi vitu vitatu. Hatari ilikuwa kwenye hicho cha tatu. Kazi yake ni kuelekeza umbo tu, kwa hiyo programu huweza kukipuuza zinapotafuta maneno, au hata kukifuta. Kikifutwa ndani ya utsob, ta na sa hushikana zikawa ত্স. Kikifutwa mwishoni mwa bidyut, hubaki বিদ্যুত্, ta nzima yenye mkwaju wa hasanta chini yake. Msomaji ataelewa, lakini hiyo si tahajia aliyofundishwa shuleni, na aliyeandika hajui kosa limeingia lini.

Waliopinga ৎ kupewa namba yake walikuwa na hoja nzito: kisarufi, ৎ ni ta ileile. Neno bhobishyot (ভবিষ্যৎ), wakati ujao, likipata kiambishi cha umilikaji huwa bhobishyoter (ভবিষ্যতের), na ta kamili hurejea. Hata Ishwar Chandra Vidyasagar, katika kitabu chake cha kufundishia alfabeti, Barnaparichay, kilichotoka kwanza mwaka 1855, aliieleza khanda ta kuwa umbo la pili la ta. Lakini mtoto hulazimika kufundishwa umbo hilo peke yake, maana hawezi kulikisia. Tena ৎ huweza kubeba alama ya r: katika bhortsona (ভর্ৎসনা), karipio, alama hiyo hukaa juu yake. Asili ya herufi haitoshi kuinyima namba. J tunayoandikia jina la Juma ilitokana na I, na leo hakuna anayedai ziandikwe kwa namba moja.

Pingamizi la pili ndilo linalouma zaidi. Tangu 2005 kuna njia mbili za kuandika ৎ, na Unicode haizitambui kuwa sawa. Herufi ড় pia huandikwa kwa njia mbili, kwa namba 09DC au kwa 09A1 na 09BC, lakini usawa wao umeandikwa ndani ya mfumo wenyewe, kwa hiyo programu inayofuata kanuni huzilinganisha bila shida. Kwa ৎ, anayetafuta bidyut kwa namba mpya huweza kulikosa neno hilo katika makala ya zamani. Gharama hii ni ya kweli. Ila hulipwa mara moja: mfuatano ule wa vipande vitatu unajulikana, na programu fupi huweza kuubadilisha katika hifadhi nzima ya gazeti. Gharama ya zamani ilikuwa haina mwisho, kwani kila matini ilipohamishwa kutoka programu moja kwenda nyingine, kiungo kile kiliweza kupotea tena. Kazi iliyobaki ni ya maktaba na magazeti yenye matini za kabla ya 2005, na inafaa ifanyike kabla matini hizo hazijaingizwa kwenye hifadhi mpya.