Ufadhili wa watoto wa shule za msingi: Yaliyobainika Busia na Malaba

WASAFIRI wengi huujua mji wa Malaba kwa misururu ya malori yanayosubiri kuvuka kuingia Uganda, kwa reli inayoupita mpaka, na kwa waendeshaji wa boda boda, jina ambalo inaaminika lilizaliwa katika mipaka hii ya magharibi mwa Kenya pale baiskeli zilipokuwa zikiwabeba watu kutoka kituo kimoja cha forodha hadi kingine. Ni wachache wanaofahamu kwamba shule za msingi za eneo hilo, kuanzia Malaba katika nchi ya Wateso hadi Budalang'i karibu na Ziwa Victoria, ni miongoni mwa shule zilizochunguzwa na kuandikwa zaidi barani Afrika.

Sababu yake ni ufadhili wa watoto. Tangu katikati ya miaka ya 1990, shirika la misaada la ICS, lenye asili yake Uholanzi, liliendesha huko miradi ya kuwasaidia wanafunzi wa familia maskini. Tofauti na mashirika mengi, lilikubali misaada yake ipimwe hadharani, hata pale ambapo matokeo hayangewafurahisha wafadhili.

Chimbuko la mtindo wenyewe

Mtindo wa mtu mmoja kumlipia mtoto mmoja aliye mbali haukuanzia Afrika. Ulianza Ulaya baada ya Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, ambapo shirika la Save the Children, lililoundwa Uingereza mwaka 1919, liliwatafutia wahisani watoto waliokuwa wakifa njaa. Shirika linalojulikana leo kama Plan International lilianzishwa mwaka 1937 kwa ajili ya watoto wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Uhispania. World Vision na Compassion yalizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, yote mawili yakianza na yatima wa vita vya Korea. Kutoka huko mtindo huo ulienea hadi Asia, Amerika ya Kusini na Afrika, pamoja na barua zake, picha zake na kadi zake za Krismasi.

Nguvu ya utaratibu huu ni uso wa mtoto. Mhisani ambaye hangetoa hata senti moja kwa ajili ya "maendeleo ya elimu" hutoa kila mwezi kwa sababu anamjua Akinyi au Emojong' kwa jina. Udhaifu wake pia uko hapo hapo. Katika darasa la wanafunzi 60 walio maskini kwa kiwango kinachokaribiana, mmoja hupata viatu, na 59 hutazama. Ndiyo maana mashirika mengi yaliacha hatua kwa hatua kumkabidhi mtoto mmoja fedha zote, yakaanza kuzitumia kwa shule nzima huku mhisani akiendelea kupokea barua ya mtoto "wake". Huu, kwa maoni ya mwandishi huyu, ni uungwana wa nusu nusu, lakini ni afadhali kuliko kuwagawa watoto mbele ya ubao mmoja.

Shule saba na shule saba

Michael Kremer, raia wa Marekani aliyekuwa amefundisha Kakamega kwa kujitolea katika miaka ya 1980, alirejea nchini miaka ya 1990 akiwa mtaalamu wa uchumi. Rafiki yake alikuwa akifanya kazi na ICS huko Busia na alihitaji kuchagua shule saba za kuingizwa katika mpango wa ufadhili. Kremer alipendekeza zichaguliwe 14 zinazofanana, kisha saba zianze kusaidiwa na saba zibaki za kulinganishia. Mbinu hiyo, ambayo hospitali huitumia kupima dawa, haikuwa ya kawaida katika elimu ya nchi zinazoendelea. Mwaka 2019 Kremer alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Uchumi pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, na kamati ya tuzo ilizitaja kazi za magharibi mwa Kenya kuwa miongoni mwa chimbuko la taaluma hiyo.

Shule saba zilizosaidiwa zilipata sare za bure, vitabu vya kiada na madarasa mapya. Wakati huo wazazi wa Kenya walikuwa wakibeba mzigo mkubwa. Karo ilikuwa imefutwa kwa madarasa ya chini mwaka 1974 na kwa madarasa yaliyosalia mwishoni mwa muongo huo, lakini sera ya ugawanaji gharama ya miaka ya 1980 iliyarejesha malipo kwa majina mengine: ada ya ujenzi, ya mitihani, ya michezo, ya vitabu. Sare ndiyo iliyokuwa gharama kubwa kuliko zote kwa familia nyingi, na mtoto asiyekuwa nayo aliweza kurudishwa nyumbani.

Baada ya miaka mitano, wanafunzi wa shule zilizosaidiwa walikuwa wamesoma kwa muda mrefu zaidi kwa takriban asilimia 15 kuliko wenzao. Walioacha masomo walipungua sana. Hata hivyo, alama za mitihani hazikupanda. Habari za sare za bure zilienea upesi, wazazi wakawahamisha watoto kutoka shule jirani, na madarasa yakafurika kwa karibu nusu zaidi ya idadi ya awali. Kuna wanaosoma matokeo haya na kusema kwamba mradi ulishindwa. Lakini mzazi anayemtoa mtoto wake katika darasa lenye nafasi na kumpeleka katika darasa lililosongamana ili aepuke bei ya sare amekwisha kutoa hukumu yake kuhusu kile kilichokuwa kikimzuia.

Mwaka 2002 swali la sare liliulizwa upya, safari hii kwa kura. Watoto waliotimiza masharti ya kufadhiliwa waliingizwa katika bahati nasibu, wakapewa sare ya thamani ya takriban dola sita za Marekani. Utoro wa waliopata ulipungua kwa zaidi ya theluthi moja, na kwa wale ambao hawakuwa na sare kabisa hapo awali, kwa zaidi ya nusu. Habari hiyo ilisambaa katika mikutano ya wafadhili. Habari ambayo haikusambaa kwa kasi ile ile ni kwamba watoto hao walipofuatiliwa miaka minane baadaye, hapakuonekana tofauti katika darasa la juu walilofikia. Sare ilimweka mtoto shuleni muhula huo na mwaka huo. Haikutosha kumvusha hadi mwisho.

Vitabu ambavyo wengi hawakuweza kuvisoma

Mapema mwaka 1996 shule 25 kati ya 100 zilizochaguliwa katika wilaya za Busia na Teso zilipewa vitabu vya kiada. Hakuna msaada unaoonekana kuwa wa busara zaidi ya huo. Lakini wastani wa alama haukubadilika. Walionufaika walikuwa wanafunzi waliokuwa tayari mbele ya wenzao.

Maelezo ya watafiti yanapaswa kumgusa kila mpenda Kiswahili. Vitabu hivyo vilikuwa vya Kiingereza, na kwa mtoto wa Malaba Kiingereza ni lugha ya tatu. Nyumbani huzungumza Kiteso, lugha ya jamii ya Wanilo isiyo na udugu na Kibantu. Sokoni na mpakani husikia Kiswahili. Kiingereza hukutana nacho ubaoni. Mtaala nao ulikuwa umeandikwa kwa kumwazia mtoto wa mjini aliyetoka katika nyumba yenye magazeti. Mradi mwingine wa chati kubwa za kufundishia, uliohusisha shule 178, nusu yake zikipewa chati hizo, haukupandisha alama pia.

Uji ulifanya vizuri zaidi katika jambo moja. Katika shule za chekechea 50 za wilaya hizo, nusu zilianza kuwapa watoto uji wa asubuhi. Mahudhurio yakawa juu kwa takriban asilimia 30 ikilinganishwa na shule zisizo na uji. Alama zilipanda tu pale ambapo mwalimu alikuwa na mafunzo mazuri.

Minyoo, na senti chache zilizoharibu kila kitu

Mradi uliopata umaarufu kuliko yote ulikuwa wa dawa za minyoo, ulioanza mwaka 1998 katika shule 75 za Budalang'i na Funyula zenye wanafunzi zaidi ya 30,000. Watoto wa huko huogelea na kuvua katika maji ya ziwa na ya Mto Nzoia, na kichocho ni jirani wa siku zote. Edward Miguel na Kremer waliripoti mwaka 2004 kwamba utoro ulipungua kwa robo, na kwamba hata watoto ambao hawakumeza dawa walinufaika kwa kuwa maambukizi yalipungua. Alama za mitihani, kwa mara nyingine, hazikusogea. Mwaka 2015 watafiti wa London waliorudia hesabu hizo walionyesha makosa katika baadhi yake, hasa kuhusu manufaa kwa shule za mbali, na mabishano makali yakafuata miongoni mwa wataalamu.

Somo ambalo halibishaniwi sana ni la mwaka 2001. Ili mradi "ujitegemee", baadhi ya shule ziliambiwa wazazi wachangie kiasi kidogo cha fedha kwa dawa. Pale dawa ilipotolewa bure, robo tatu ya watoto waliipata. Pale ilipochangiwa, hawakufika mmoja kati ya watano. Neno "kujitegemea" linapendeza katika ripoti. Kijijini lilimaanisha mtoto kubaki na minyoo yake.

Radi ya Teso

Mwaka huo huo wa 2001 ICS lilizindua ufadhili wa wasichana wa darasa la sita. Asilimia 15 ya waliofanya vyema zaidi katika shule za mradi wa wilaya yao waliahidiwa msaada wa miaka miwili: Sh500 kwa mwaka kwa shule, Sh1,000 kwa familia kwa ajili ya mahitaji ya masomo, na kupongezwa mbele ya wazazi katika hafla ya hadhara.

Katika Busia matokeo yalikuwa ya kutia moyo. Alama za wasichana zilipanda, wakiwemo wale dhaifu ambao hawakuwa na matumaini ya kushinda. Walimu walihudhuria kazini zaidi. Wavulana nao, ambao hawakuahidiwa chochote, walionyesha dalili za kupanda.

Teso mambo yalikwenda kombo. Mnamo Juni 2001 radi iliipiga shule moja ya msingi ya wilaya hiyo, ikawaua wanafunzi saba na kuwajeruhi wengine wengi. Uvumi ulienea kwamba wageni wenye orodha za majina ya watoto walihusika kwa njia fulani na mkasa huo. Baadhi ya shule zilijitoa katika ufadhili, na wazazi wengine wakawakataza binti zao kushiriki. Ni rahisi kwa msomaji wa mjini kucheka. Lakini tufikirie jinsi ufadhili unavyoonekana kutoka upande wa pili: mgeni anakuja na gari, anaandika jina la mtoto, anampiga picha, anampima kimo, anaondoka, na haelezi kwa lugha ya nyumbani fedha zinatoka wapi wala nani atazidai. Mzazi anayeuliza "mwanangu ameandikwa kwa sababu gani?" anauliza swali halali. Katika wilaya ya Busia, ambako shirika lilikuwa na mizizi zaidi, swali hilo lilikuwa na watu wa kulijibu.

Baada ya Januari 2003

Uganda ilitangulia kuondoa karo ya msingi mnamo 1997, ikianza na watoto wanne kwa kila familia, na kwa miaka sita Wateso wa pande mbili za mpaka walizilinganisha sera mbili kwa kuangalia tu ng'ambo. Serikali ya NARC iliyoingia madarakani Desemba 2002 ilifuta karo Januari 2003, ikatenga Sh1,020 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Idadi ya wanafunzi wa msingi nchini iliruka kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Katiba ya mwaka 2010 iliifanya elimu ya msingi ya bure na ya lazima kuwa haki ya mtoto.

Gharama zilizosalia ndizo zile zile ambazo ICS ilizikuta Busia: sare, viatu, chakula cha mchana, daftari, na michango ambayo shule huomba kwa sauti ya chini. Kwa yatima mzigo ni mkubwa zaidi. Barabara kuu ya kwenda Kampala ilikuwa pia njia ya ukimwi, na uchunguzi uliowafuatilia maelfu ya watoto wa Busia, uliochapishwa mwaka 2007, ulionyesha kwamba mahudhurio huanza kushuka kabla ya mzazi kufa, wakati wa kuuguza, na kwamba kifo cha mama huumiza masomo kuliko cha baba. Mashirika mengi huanza kumsaidia mtoto siku anapopatikana cheti cha kifo. Kwa ushahidi huo, wamechelewa.

Ufadhili wa mtoto mmoja mmoja nao umepata watetezi wake. Uchunguzi wa mwaka 2013 kuhusu mpango wa Compassion katika nchi sita, Kenya na Uganda zikiwemo, uligundua kwamba waliofadhiliwa utotoni walisoma zaidi kwa mwaka mmoja hadi mwaka mmoja na nusu, na walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kupata kazi ya mshahara. Msaada huo ulidumu kwa miaka, haukuwa sare moja.

Wale watoto wa Budalang'i na Funyula wamekwisha kuwa watu wazima. Watafiti wamewafuata hadi Nairobi na Uganda, na mwaka 2021 walichapisha kwamba waliopata dawa kwa miaka miwili au mitatu zaidi kuliko wenzao walikuwa, miaka 20 baadaye, wakipata takriban asilimia 13 zaidi kwa kila saa ya kazi.