Cholmondeley: Jina lililo nyuma ya Delamere

Jina Delamere si geni masikioni mwa Wakenya, lakini wengi hawafahamu kuwa si jina la ukoo. Hilo ni jina la cheo cha ubwanyenye. Ukoo wenyewe huitwa Cholmondeley, jina linalotamkwa "Chamli", na asili yake ni kijiji chenye jina hilo katika jimbo la Cheshire, Uingereza.

Tofauti na desturi zetu ni kubwa. Huko Kosele, Kaunti ya Homa Bay, watu wawili waitwao Otieno si lazima wawe jamaa; jina hilo hueleza tu kwamba walizaliwa usiku. Kwa mabwanyenye wa Uingereza, jina la ukoo lilifungamana na ardhi, likarithiwa pamoja nayo.

Miongoni mwa walioitwa Cholmondeley ni hawa:

Hugh Cholmondeley (1870-1931), Lord Delamere wa tatu. Alifika nchini mara ya kwanza mwaka wa 1897, akarejea kufanya makao na mwaka wa 1903 akakodishiwa na serikali ya kikoloni ekari 100,000 huko Njoro kwa miaka 99. Baadaye alipata shamba la Soysambu, karibu na Ziwa Elmenteita. Mifugo yake ilikufa kwa maradhi na ngano yake ikaliwa na kutu, lakini hakukata tamaa. Mwaka wa 1908 alianzisha kampuni ya Unga. Alikuwa kiongozi wa walowezi katika enzi ambayo Wamaasai, kwa mikataba ya 1904 na 1911, waliondolewa katika malisho yao ya Bonde la Ufa na Laikipia. Barabara ya Nairobi iliyobeba cheo chake sasa ni Kenyatta Avenue.

Thomas Cholmondeley (1900-1979), mwanawe, Lord Delamere wa nne. Alirithi cheo mwaka wa 1931.

Thomas Cholmondeley (1968-2016), kitukuu cha Lord wa tatu. Mwaka wa 2005 alimpiga risasi na kumuua ofisa wa Shirika la Wanyamapori (KWS) huko Soysambu. Shtaka la mauaji likaondolewa, na umma ukaghadhabika. Mwaka wa 2006 fundi wa mawe aliuawa kwa risasi katika shamba hilo hilo. Mwaka wa 2009 Mahakama Kuu ilimpata na hatia ya kuua bila kukusudia, ikamfunga miezi minane.

Mary Cholmondeley (1859-1925), mwandishi Mwingereza wa riwaya ya Red Pottage (1899).

Hugh Cholmondeley wa Guyana, mtangazaji wa redio. Asichanganywe na Lord wa tatu, ingawa majina ni mamoja.

Hivyo, jina hili moja nchini Uingereza huweza kukumbusha fasihi na huko Guyana matangazo ya redio. Nchini Kenya hukumbusha ardhi: nani aliipata, nani aliipoteza, na sheria ilimlinda nani.