Rangi ya Nywele na Lugha ya Onyo

Historia ya udhibiti wa rangi za nywele ni, kwa kiasi kikubwa, historia ya maneno yaliyoandikwa juu ya kiboksi. Kiini cha rangi nyingi nyeusi ni parafenilenidiamini, kemikali iliyotokana na viwanda vya Ulaya vya karne ya 19. Ndiyo igeuzayo mvi kuwa nyeusi. Ndiyo pia iwezayo kuvimbisha ngozi ya mtu ambaye mwili wake unaikataa.

Mnamo mwaka 1933, nchini Marekani, rangi ya kope iitwayo Lash Lure iliwajeruhi wanawake macho, hata mmoja wao akafariki. Msiba huo na mingine ilizaa sheria ya mwaka 1938. Hata hivyo, rangi za nywele zitokanazo na lami ya makaa ya mawe ziliruhusiwa kuendelea kuuzwa kwa sharti kwamba kiboksi kibebe onyo, na mtumiaji aelekezwe kuijaribu kwanza kidogo juu ya ngozi. Umoja wa Ulaya, kwa upande wake, umeweka kikomo cha 2% kwa kemikali hiyo inapopakwa kichwani.

Afrika imeonja madhara ya unga mtupu. Katika miaka ya 1980, madaktari wa Khartoum walieleza jinsi unga huo, uliozoeleka kuchanganywa na hina, unavyovimbisha koo na kuharibu figo ukiingia mwilini. Huko Lamu na Zanzibar rangi hiyo ya nywele huitwa piko, na huchorewa hata mikono ya maharusi, ingawa haikukusudiwa ngozi.

Bunia iko mwisho wa njia ndefu ya bidhaa zipitazo Uganda, Mahagi na Ziwa Albert. Ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa iliundwa mwaka 1974 kwa jina la OZAC, ikawa OCC mwaka 1997. Lakini ukaguzi wa mpakani hautoshi. Katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa. Basi onyo la Kifaransa laweza kutimiza sheria bila kumfikia msusi wala mteja wake. Na unga ukipimwa kwa kijiko, kiboksi hubaki kwa muuzaji.

Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Viwango vya pamoja vya vipodozi havina budi kujibu swali la kiisimu: onyo limeandikwa kwa lugha ya nani?