Gia zikikwaruza, klachi ikaguliwe kwanza

Dereva atokaye Manundu, Korogwe, kwenda Lushoto hupita Mombo na kuanza kupanda milima. Wakati wa kurudi, gia ya pili humsaidia kuzuia gari mteremkoni. Ikikwaruza na kukataa kuingia, breki hubaki peke yake, nayo huweza kupata moto hadi ikashindwa kushika.

Gia zote zikikwaruza, hasa ya kurudi nyuma, yaelekea klachi haiachii sawasawa. Mafuta ya klachi yaangaliwe, au kebo yake irekebishwe.

Ikikwaruza gia moja tu, huenda pete inayolinganisha mwendo wa gia imelika. Kwanza ikaguliwe oili ya giaboksi, iwe ya kutosha na ya aina iliyoagizwa na mtengenezaji. Tatizo likiendelea, giaboksi haina budi kushushwa.

Kulazimisha gia huvunja meno yake.