Historia ya Bei ya Kondoo Kahama

Ukitaja Kahama, watu hukumbuka dhahabu, mchele, pamba, tumbaku na malori yanayokwenda Rwanda, Burundi na Kongo. Kondoo hawamo. Hata kwenye boma la mfugaji, awe Msukuma, Mnyamwezi au Msumbwa, anayehesabiwa kwanza ni ng'ombe, kwa kuwa ndiye anayetolewa mahari na ndiye anayempa mtu jina la utajiri. Hesabu za taifa nazo zinafuata mpangilio huohuo: takwimu za Wizara ya Mifugo na Uvuvi za mwaka 2023 zilitaja ng'ombe milioni 36.6, mbuzi milioni 26.6 na kondoo milioni 9.1.

Lakini mtoto akiugua usiku, sare ya shule ikitakiwa, au mchango wa msiba ukifika, ng'ombe hatoki zizini. Anatoka kondoo au mbuzi. Kwa sababu hiyo bei ya kondoo huonyesha mapema kuliko kitu kingine chochote kama nyumba za Kahama zina nafasi au zimebanwa. Historia hii inaifuata bei hiyo tangu enzi za misafara mpaka leo, na neno lake ni moja: kondoo wa Kahama hajawahi kujipangia bei. Amepangiwa na mvua, pamba, dhahabu, magonjwa na barabara, na aliyeumia kila mara ni yule aliyeuza kwa kulazimika.

Enzi za misafara na sotoka

Mwaka 1858 Mwingereza John Hanning Speke, akitoka Kaze karibu na Tabora ya leo kwenda kuliona ziwa kubwa la kaskazini, alipita Msalala. Njia hiyo ilikuwa ya biashara kabla yake, na wapagazi wake walihitaji kula. Mifugo midogo ndiyo iliyofaa kubadilishwa kwa shanga na nguo, kwani msafara mdogo usingeweza kummaliza ng'ombe mzima kabla nyama haijaharibika.

Kondoo wa huku hakuwa wa sufu. Alikuwa, na bado ni, kondoo wa nywele fupi na mkia mnene, anayeweka mafuta yake mkiani ili kuuvuka ukame. Alikuwa pia na heshima yake katika ibada. Ilipokawia mvua, watemi wa nchi hizi walitoa kondoo mweusi, na mnyama wa namna hiyo hakuwa na bei ya sokoni.

Miaka hiyo haikuwa ya amani. Watuta, Wangoni waliotoka kusini, waliweka makazi Runzewe na kuvamia majirani zao, na mtemi Mirambo wa Urambo alipigana kuitawala njia mpaka alipofariki mwaka 1884. Mapadre wa White Fathers walifungua misheni yao Ushirombo mwaka 1891. Wakati huohuo sotoka ilikuwa inaingia Afrika Mashariki. Ng'ombe walikufa kwa makundi, na ndui na njaa vikawafuata watu. Baada ya pigo kama hilo, ngazi ya kupanda tena ilianzia chini: kuku wakabadilishwa kwa mbuzi au kondoo, na kondoo kadhaa wakapata mtamba. Thamani ya kondoo ikapimwa kwa umbali uliobaki kumfikia ng'ombe.

Kodi, mbung'o na reli

Utawala wa kikoloni ulileta mnunuzi mpya asiyeonekana: kodi. Kodi ilidaiwa kwa fedha taslimu na kwa tarehe yake, iwe mwaka wa mvua au wa kiangazi. Hapo ndipo wafugaji wengi walipokutana mara ya kwanza na ubaya wa kuuza siku moja na jirani wote, kwa kuwa kila mwenye deni alipeleka mnyama na mnunuzi akachagua.

Magharibi ya Kahama ilikuwa miombo mizito yenye mbung'o. Shinyanga ikawa makao ya utafiti wa mdudu huyo chini ya Charles Swynnerton kuanzia miaka ya 1920, na vichaka vingi vilikatwa na kuchomwa ili mifugo ipate mahali. Malisho yaliongezeka, miti ikapungua, na deni hilo lililipwa na vizazi vya baadaye.

Mwaka 1928 reli kutoka Tabora ilifika Mwanza kwa kupitia Isaka, karibu na Kahama. Mnyama wa Kahama akawa na njia ya kwenda mbali. Miaka ya 1930 Geita ikaanza kuchimbwa dhahabu kwa mitambo, na mwaka 1940 almasi ikagunduliwa Mwadui. Migodi ikakusanya wanaume wanaopokea mshahara na kununua nyama. Mgodi wa Geita ulifungwa mwaka 1966, na nchi ikaona kwamba mlaji anayetegemea mgodi huondoka na mgodi.

Pamba, vijiji na sungusungu

Baada ya uhuru, mwenye mamlaka juu ya bei ya kondoo alikuwa pamba. Msimu wa kuuza pamba ulipokwenda vizuri, mkulima hakuuza kondoo, alinunua. Fedha ya ushirika iligeuzwa mifugo haraka, kwa sababu benki ilikuwa mbali na mnyama anazaa. Malipo yalipochelewa au bei ilipoanguka, mkulima yuleyule alirudi mnadani akiwa muuzaji. Bei za mifugo na pamba zikawa zinapanda na kushuka pamoja.

Operesheni Vijiji ya mwaka 1974 ilikusanya watu, na mifugo ikakusanyika nao. Malisho ya karibu yakaisha mapema, na minyoo, adui mkubwa wa kondoo, ikapata makundi yanayolala na kula mahali pamoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukaja uhaba wa bidhaa. Duka lilikuwa na rafu tupu, sabuni na khanga zilitafutwa kwa mbinu, na mfugaji hakuona sababu ya kuuza mnyama apate noti zisizonunua kitu.

Wizi wa mifugo nao ulizidi, na silaha zilikuwa zimezagaa baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Ni katika nchi hii ya Kahama, Nzega na Shinyanga ambako sungusungu waliinuka yapata mwaka 1982 kulinda mali za watu. Ukali wao umeandikwa na kulaumiwa, na lawama nyingine ni za haki. Lakini zizi lililokuwa haliwezi kulala likalala.

Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioinua tena desturi ya ngitili: eneo linalofungwa wakati wa mvua ili nyasi zisimame mpaka kiangazi. Kwa mwenye kondoo faida yake ni ya fedha. Aliye na ngitili hauzi Oktoba, na asiyeuza Oktoba huwa hajauza mfupa.

Dhahabu inarudi

Miaka ya 1990 Bulyanhulu, eneo la dhahabu wilayani Kahama, ilijaa wachimbaji wadogo kwa maelfu. Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda walivuka mpaka Rusumo, na chakula cha msaada kikashushwa Isaka kutoka kwenye mabehewa na kupakiwa kwenye malori ya kwenda Ngara. Kahama ikawa mji wa madereva, na dereva hula nyama barabarani. Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu, tukio ambalo bado linaongelewa kwa uchungu. Soko la nyama lililowategemea likaondoka nao.

Kampuni ya Barrick ilinunua eneo hilo mwaka 1999 na mgodi ukaanza uzalishaji mwaka 2001. Dhahabu wakati huo ilikuwa chini ya dola 300 kwa wakia. Ilipofika mwaka 2011 ilikuwa imegusa dola 1,900, na kati ya miaka hiyo mgodi wa Buzwagi ulifunguliwa, mwaka 2009, kwenye mlango wa mji wenyewe. Nyumba za wageni, vibanda vya nyama choma na machinjio vikaongezeka.

Ongezeko hilo halikumpa mfugaji usingizi. Mwaka 2007 Homa ya Bonde la Ufa iliua zaidi ya watu 100 nchini, na nyama nyekundu ikaogopwa hata mahali ambako ugonjwa haukufika. Mwaka uliofuata ikathibitishwa kaskazini mwa nchi sotoka ya mbuzi na kondoo. Sotoka ya ng'ombe ilitangazwa kufutika duniani mwaka 2011. Ya mbuzi na kondoo ingali hai, na mashirika ya kimataifa yameweka lengo la kuifuta ifikapo 2030.

Pamba nayo ilikumbusha kwamba ipo. Mwaka 2011 kilo iliuzwa kwa shilingi 1,100, na mwaka 2012 ikatangazwa shilingi 660. Kaya iliyokuwa imepanga matumizi kwa bei ya kwanza ilifidia pengo kwa kufungua zizi.

Machi 2017 serikali ilizuia usafirishaji wa makinikia, yaani mchanga wenye madini, nje ya nchi, na Septemba mwaka huo Bulyanhulu ikapunguza kazi, watu wapatao 2,000 wakiguswa. Mgodi ulirudi kwenye uzalishaji mwaka 2021, mwaka uleule Buzwagi ilipofunga. Hata hivyo mji haukuporomoka kama watu walivyohofia. Masoko ya madini yaliyofunguliwa mwaka 2019 yaliwapa wachimbaji wadogo mahali halali pa kuuzia, na bei ya dhahabu ilivuka dola 2,000 mwaka 2020, ikaendelea kupanda hadi kuvuka dola 4,000 mwaka 2025. Kahama iliyokuwa na watu 242,000 mwaka 2012, na ikapandishwa hadhi kuwa manispaa mwaka 2021, ilihesabiwa watu zaidi ya 450,000 mwaka 2022. Walaji wapo.

Mwaka mmoja wa bei

Ndani ya miaka hiyo yote kuna mzunguko mdogo usiobadilika. Mvua huanza Novemba na kukatika kuelekea Mei. Juni hadi Agosti kondoo amenona, mavuno yamo ndani, harusi na ngoma zimeshika kasi, na bei husimama. Septemba nyasi zinakwisha, na kuanzia hapo hadi mvua mnyama hupoteza uzito kila wiki. Kwa bei, Januari ndio mwezi mbaya kuliko yote. Ada ya shule za serikali hadi kidato cha nne ilifutwa kufikia mwaka 2016, lakini sare na madaftari bado hununuliwa na mzazi, na wazazi wote hufika mnadani pamoja. Mnunuzi analijua hilo kuliko muuzaji.

Kwenye minada ya awali bado mnyama huuzwa kwa macho. Dalali anambonyeza mgongo na mkia, anataja fedha, mfugaji anakataa mara mbili na mara ya tatu anakubali kwa kuwa jua limeinama na nyumbani ni mbali. Mnunuzi anajua kwa uzoefu kondoo yule atatoa kilo ngapi buchani. Mfugaji anajua tu anachodaiwa.

Kuna siku moja ya mwaka ambayo hubadilisha nguvu hizo: Idd el-Hajj. Hiyo haisimami kwenye kalenda ya mvua, hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Mwaka 2007 iliangukia Desemba na mwaka 2009 Novemba, wakati wanyama wametoka kukonda. Mwaka 2024 na 2025 iliangukia Juni, kondoo wakiwa katika hali yao bora. Mwaka 2027 inatazamiwa katikati ya Mei. Sheria ya dini inampa kondoo nafasi ambayo mbuzi hana, kwani wanazuoni wengi hukubali kondoo wa miezi sita aliyenona, ilhali mbuzi ni lazima atimize angalau mwaka. Dume aliyezaliwa na mvua za Novemba 2025 atakuwa na mwaka na nusu ifikapo sikukuu ya 2027, na mwenye kumtunza anaweza kumkusudia mapema.

Soko la nje nalo limefunguka. Uuzaji wa nyama ya Tanzania nje ya nchi ulitoka tani 1,774 mwaka 2020/21 na kuvuka tani 10,000 mwaka uliofuata, kwa sehemu kubwa nyama ya mbuzi na kondoo iendayo Uarabuni. Baadhi ya machinjio makubwa ya biashara hiyo yako Longido na Kibaha. Kutoka Kahama kwenda pwani ni karibu kilomita elfu moja, na kondoo anayesafiri lorini umbali huo huacha kilo zake njiani. Faida ya bei ya Uarabuni huliwa na safari hiyo.

Yanayopaswa kufanyika

Mfugaji wa Kahama hawezi kuamuru mvua, wala bei ya dhahabu London, wala bei ya pamba. Anaweza kuchagua mwezi wa kuuza, ikiwa ana nyasi za kumfikisha. Anaweza kuchanja: kampeni ya kitaifa iliyozinduliwa Bariadi Juni 2025 inampunguzia gharama kwa ruzuku ya serikali. Anaweza kuandika nani alizaliwa lini na aliuzwa kwa kiasi gani. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kondoo wengi wa nchi hii wamepotea hivyohivyo.

Lililobaki ni la halmashauri za Kahama, Ushetu na Msalala. Zinakusanya ushuru kwa kila mnyama anayeuzwa, wala si vibaya. Zirudishe sehemu yake mnadani kwa namna ya mizani inayofanya kazi na ubao unaoandikwa bei ya kilo kila siku ya mnada. Dhahabu ya Kahama haiuzwi kwa macho. Hupimwa hadi gramu mbele ya muuzaji na mnunuzi, ndani ya soko lililojengwa kwa kusudi hilo. Kondoo wa mkulima wa Ushetu anastahili kupimwa vivyo hivyo.