Leza inanusa kuliko pua

Jamani, leo tuache siasa kidogo. Mwaka 1859, pale London, John Tyndall alianza kupima jinsi gesi zinavyonyonya joto lisiloonekana kwa macho. Kila gesi ina mawimbi yake inayoyameza, kama alama za vidole. Mwaka 1960 Theodore Maiman akawasha leza ya kwanza huko California, na dunia ikapata mwanga wa rangi moja.

Mwaka 1988 O'Keefe na Deacon wakaleta mbinu yao: fungia mwanga wa leza kati ya vioo viwili, uende na kurudi mara maelfu, kisha pima unavyofifia. Gesi ikiwemo, unafifia upesi zaidi.

Faida yake? Watafiti walizunguka mitaa ya Boston na gari lenye chombo cha aina hiyo. Utafiti wao wa 2013 ulitaja sehemu 3,356 zinazovuja methani, gesi ambayo kwa asili haina harufu. Mwaka 2014 jimbo la Massachusetts likapitisha sheria inayozibana kampuni za gesi ziripoti uvujaji wao.

Hewa ni ya wote. Siku hizi anayelalamika anaweza kuja na namba mkononi, si pua tu.